Kijiti Kimoja cha Wanja

Jumatatu, mwezi wa Shaaban, 1956

Mvua imeanza alfajiri na haijakata. Mtaa wetu wa Mlandege wote ni tope, nguo nilizofua juzi bado mbichi, na moyo wangu ndio usiseme. Nimerudi kutoka kazini saa tisa, nimevua buibui, nimekaa. Sijala na wala sitaki kula.

Leo Tatu amefunguliwa kitambaa cha jicho.

Tatu ni mtoto wa dada yangu Mwanakhamis, wa Bwejuu. Ana miaka minne. Jicho lake la kushoto limefanya chamba cheupe, kimefunika mboni yote. Daktari alimsogezea taa, akaipeleka huku na huku, kisha akanitazama mimi badala ya mama yake, kwa kuwa mimi ni mtumishi wa pale kliniki. Akatikisa kichwa. Kazi ya kumwambia dada yangu kwamba mwanawe hataona tena kwa jicho lile akaniachia mimi.

Nikamwambia. Akalia, akajifuta kwa pindo la kanga, kisha akanishika mkono. "Ahsante mdogo wangu," akasema. "Bila ya wewe lingekwenda na la pili. Mungu atakulipa."

Atanilipa kweli, na mimi nnajua malipo yangu ni yepi.

Wacha niandike, maana kwa mdomo nimeshindwa.

Mwezi uliopita tulikuwa na harusi Bwejuu, binamu yetu anaolewa. Mama mkubwa, Bi Kazija, ndiye somo, anayewafunda mabibi harusi wote wa ukoo wetu. Siku ya kupamba anakuja na kichupa chake cha wanja wa manga na kijiti chake cha shaba, kimoja, alichoachiwa na mama yake. Anajitia yeye kwanza, anamtia bibi harusi, halafu kijiti kinazunguka mkeka mzima, wakubwa kwa wadogo, mpaka vitoto vilivyopakatwa. Hiyo ndiyo baraka. Anayekataa kaitia harusi nuksi, na atasemwa mpaka kaburini.

Siku ile macho ya mama mkubwa yalikuwa mekundu, kope zimegandana tongo. Dada akamuuliza ana nini. "Yananiwasha tangu juzi," akajibu. "Si kitu, wanja utatoa uchafu." Maana kwetu wanja ni pambo na dawa pia, na jicho likiuma ndipo linapozidishiwa. Akachovya kijiti, akakipitisha ndani ya macho yale, akakirudisha kichupani.

Mimi nilikuwa nimekaa naye goti kwa goti. Nimeona yote.

Na mimi ndiye ninayesimama kila asubuhi mbele ya kina mama kliniki nikisema kama kasuku. Maradhi ya macho hayaletwi na upepo, yanakwenda kwa mkono, kwa kitambaa cha kufutia uso, kwa nzi, kwa kijiti cha wanja. Kila mtu awe na kitambaa chake. Nawa kwa sabuni kabla hujamgusa mtoto usoni, na ukishamgusa nawa tena. Jicho likitoa usaha usingoje kesho, mlete leo. Huu mwaka wa tano nayasema haya, na nasifiwa kwamba nasema vizuri.

Pale mkekani nilifungua mdomo. Mama mkubwa akanitazama, akanipa kijiti. "Haya Bi Hospitali, zamu yako." Wanawake wakacheka. Nikaona haya. Yeye kanilea, kaniogesha, kanifunda mimi mwenyewe siku ya harusi yangu. Nimwambie mbele ya watu kwamba macho yake ni machafu? Ningeanzia wapi?

Nikakipokea. Na sasa ndipo ninapofika penye aibu yenyewe.

Sikujitia. Nilikipitisha juu ya kope, kwa nje, nikapepesa macho kama walivyopepesa wenzangu, na hakuna aliyegundua. Nikainuka hapo hapo, nikenda uani kunawa. Lakini kabla ya kuinuka nilimpa kijiti aliyekaa kushoto kwangu. Alikuwa dada yangu, na Tatu yuko mapajani mwake.

Macho yangu mawili niliyalinda.

Asubuhi yake nilipanda gari la kurudi mjini. Siku tatu baadaye nusu ya waliokaa mkekani walikuwa na macho mekundu. Wengi wakapona wenyewe. Tatu hakupona. Wakamkamulia maziwa ya mzazi machoni, wakamfunga kanga, wakamsomea. Siku ya kumi ndipo wakamleta mjini, jicho limevimba kama kitunguu. La kulia tuliliwahi kwa marhamu, la kushoto tulichelewa.

Kijijini wamekwisha kata shauri kuwa ni husuda. Jirani yao mmoja aliyasifu macho ya Tatu siku ya harusi bila ya kusema mashaallah, basi dada yangu hamwitikii hata salamu. Mwanamke wa watu hana hili wala lile. Leo kliniki dada kamtaja tena, kwa kiapo, na mimi niliyekuwa nakunja bendeji nikaendelea kukunja.

Nimechoka kujitetea. Najiambia ningesema wasingenisikia. Pengine kweli. Lakini sikuwapa hata nafasi ya kutonisikia.

Na lau mambo yangeishia hapo, ningelia kimya kimya mpaka nikazoea. Watu huzoea. Lakini tulipokuwa tukirudi nyumbani, mimi nimembeba Tatu ndani ya buibui asirowe, dada kanambia Alhamisi kuna harusi nyingine kwao. Mama mkubwa ameagiza Tatu arudishwe kabla ya siku hiyo. Safari hii mtoto atatiwa wanja mapema, amfuatie yeye mwenyewe, hata kabla ya bibi harusi, ili jicho lililobaki lisihusudiwe.

Kwa kijiti kile kile. Na macho ya mama mkubwa, anasema dada, bado yanamchonyota.

Unajua nilijibu nini? Nilisema, "Inshallah."

Nimekaa na neno hilo tangu saa tisa na nimejichukia. Haya gani hii inayomwogopa bibi wa miaka sitini kuliko upofu wa mtoto? Wakinicheka, watanicheka. Dada akinichukia, ana haki, pengine hatanisamehe maisha. Mama mkubwa nitamfuata Bwejuu na marhamu, nimwoshe macho kwa mkono wangu, anitukane apendavyo. Yule jirani naye lazima asafishwe jina.

Dada na Tatu walijilaza chumba cha pili tuliporudi, kesho asubuhi wanapanda gari. Sasa hivi nawasikia wanaamka. Tatu anauliza kama Alhamisi atapambwa. Mama yake anamwambia ndiyo, wa mwanzo.

Naweka kalamu. Nikianza kuzunguka maneno nitashindwa tena, kwa hivyo nitaanza hivi hivi: Dada, kijiti kilipita kwangu kabla ya kufika kwako, na mimi sikujitia.