Maji Iko Njiani

Mjukuu wangu Safia, amahoro! Bibi yako mzima, ananisimamia ninyooshe mwandiko.

Umechaguliwa delege, kiongozi wa darasa? Hongera, mheshimiwa! Unauliza mimi niliwafanyia nini watu nilipochaguliwa chefu, mkuu wa mtaa wetu hapa Rumonge.

Kila walipoulizia robine, koki ya maji niliyowaahidi, nilijibu, "Maji iko njiani!" Siku ya kuifungua, bomba likapasuka chini ya barabara. Robine kavu, barabara mto! Mama Zaina, jirani, akapiga kelele: "Chefu, leo hujadanganya. Maji iko njiani kweli!"

Nilichukua jembe, tukachimba naye, tukaziba. Robine ikakohoa, ikamwaga maji! Mama Zaina akabeba ndoo yake kichwani, akasema: "Sasa iko nyumbani."

Safia, neno lake lile ndilo kura yangu tamu kuliko zote.

Babu yako,
Chefu Njiani