Draiva ya Mizani ya Watoto

Bunju, Dar es Salaam

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Mama kaniambia umeanza tena kupanda hadi shamba la juu, nikafurahi, ingawa nasikia unakwenda na fimbo na hutaki mtu akuseme. Na baridi ya Njombe imepungua? Mimi huku ni mzima kabisa. Sijui kama nimelizoea joto la Bunju au lenyewe ndilo limenizoea, ila siku hizi hatugombani.

Uliniambia sauti ya simu inakatika kila ninapofika penye utamu, basi niandike. Kwanza nisafishe jina langu. Baba Mdogo ameutangazia ukoo mzima kwamba Skola kaacha kompyuta, anashinda na madereva. Baba, si madereva wa magari! Ni draiva, na nitakueleza.

Ofisini kwetu tunatengeneza kompyuta ndogo za zahanati. Kila moja inachomekwa vifaa vyake: mizani ya watoto, printa ya vikaratasi, kipimajoto cha friji la chanjo. Ndani kuna programu inayosimamia zote, tunaiita kerneli. Kerneli haijui namna ya kuongea na mizani wala na printa, kwa hiyo kila kifaa kinaandikiwa kipande chake cha programu cha kuongea nacho. Kipande hicho ndiyo draiva.

Draiva zetu zote aliziandika Braza Saidi, mtu wa Newala, aliyeanza na bosi tangu ofisi ikiwa chumba kimoja. Aliandika mbiombio, wateja wanasubiri. Kifaa kipya kikija, anakibandika palipo na nafasi. Mwisho likawa faili moja refu, mambo ya mizani yameingia katikati ya mambo ya printa, na hakuna mwingine aliyethubutu kulifungua.

Sasa siku moja akaja nesi wa zahanati moja ya Kibamba, mashine kaifunga kwenye kitenge kama mtoto mgonjwa. Hata kiti hakukitaka.

“Printa yenu ikiishiwa karatasi, mizani nayo inagoma! Mtoto na karatasi wapi na wapi? Kina mama wamejaa mpaka nje, mnataka niwapimie watoto kwa macho?”

Alipoondoka, bosi wetu, Dada Upendo, akatuangalia. “Hii ishu isipoisha, mizani tunaiondoa kwenye mashine. Na bila mizani, sijui nani atatutaka.”

Nikaomba nilipange upya lile faili. Braza Saidi akaweka kikombe chini.

“Sista, hilo nalijua mie tu. Ukiligusa hapa, linavunjika kule.”

“Ndiyo maana nataka kuligusa, braza.”

Tangu hapo akawa ananisalimia kwa kichwa tu.

Nilianza. Kila aina ya kifaa nikaipa folda yake. Mambo ambayo draiva zote zinayahitaji, kama kupokea data kwenye waya, nikayaweka sehemu moja ili yasirudiwerudiwe. Draiva isichungulie ya mwenzake. Printa ikisubiri karatasi, isubiri peke yake, wengine waendelee. Kifaa kikichomekwa, draiva yake inajitambulisha kwa kerneli. Kikichomolewa, inaondoka bila kumvuta mtu.

Nikaona nimeweza. Nikapandisha mfuko wa sukari kwenye mizani. Sifuri. Nikaupandisha tena. Sifuri! Nilihangaika hadi machozi yakanilenga. Mara nikasikia kiti kinavutwa kando yangu.

“Umefuta ule mstari wa kutulia?” Braza Saidi akauliza.

Kweli, nilikuwa nimefuta mstari unaoiambia kompyuta itulie kidogo isifanye lolote. Niliuona hauna kazi.

“Mizani hii huwa inachelewa kuamka. Ukiiuliza mapema, inakwambia sifuri. Nilikuwaga nagombana nayo mpaka nakosa usingizi.”

“Mbona hukuandika sababu pembeni?”

“Angesoma nani, sista? Nilikuwa peke yangu.”

Lile neno liliniingia, Baba. Nikamsogezea kibodi. Kuanzia hapo tukafanya wote: yeye ananisimulia kila mstari wa ajabu ulitokana na nini, mimi naandika maelezo pembeni, tunacheka mpaka Dada Upendo anatoka ofisini kwake kuuliza kuna nini.

Tukaipeleka mashine Kibamba. Nesi akampandisha mtoto mmoja mnene kwenye mizani, halafu bila kutuuliza akashika waya wa printa akauchomoa. Nilifumba macho.

“Kilo tisa na nusu!” akasoma kwa sauti.

“Nilijua,” akasema mama wa mtoto. “Mgongo wangu ulishaniambia.”

Ukumbi mzima ukacheka. Nesi akaichomeka printa tena, ikatoa kikaratasi kama kawaida. Akatupa mkono, mmoja mmoja, akasema, “Haya, sasa mmeleta mashine.”

Kesho yake Braza Saidi akaomba likizo. Ndipo nikajua kwamba tangu mashine zianze kusambazwa hajawahi kukanyaga kwao. Kila akifunga begi, mahali fulani mashine inagoma, na hakuna mwingine wa kuingia kwenye lile faili. Safari hii alifunga begi akaondoka kweli. Alipokuwa huko, kikaletwa kifaa kipya cha kubana kidoleni, cha kupima hewa kwenye damu. Nikakiandikia draiva kwenye folda yake, sikugusa ya mwingine, na sikumpigia hata mara moja.

Jumapili akapiga yeye. Nikaivuta kompyuta haraka nikijua atauliza habari za mashine. Kumbe kampa mama yake simu.

“Ndiwe binti uliyeniletea mwanangu?”

Nikaisukuma kompyuta pembeni, Baba. Nikasema shikamoo. Akaitika marahaba ndefu.

Msalimie sana Mama, na Dada Agripina na wanafunzi wake, na Baba Mdogo. Bibi mshikie mkono wake kwa niaba yangu, umwambie nakula vizuri. Mungu awatunze nyote hapo nyumbani.

Ni mimi binti yako,
Skola