Kifua cha Daktari Mwangangi

Nunguni, Kilungu,
Kupitia Sultan Hamud.
14 Agosti, 1978.

Mpendwa kaka Mutie,

Pokea salamu kutoka kwetu sisi tuliobaki mlimani. U hali gani? Joto la Kisumu halijakumaliza? Huku ni baridi tupu. Ukungu hulala mabondeni mpaka saa nne, nami huketi mlangoni nikiutazama hadi uji unaungua. Ni yule yule Ndinda wako, sijabadilika.

Sisi tu wazima. Binti yangu Mbinya ameota meno mawili, na kahawa mwaka huu si mbaya.

Sasa habari ya Mwaitu. Unajua mama yetu alikuwa na mtoto wa jicho pande zote mbili. Alisema ukungu umehamia kwake na hautaki kuondoka. Mbinya, mjukuu aliyepewa jina lake, Mwaitu alimjua kwa vidole tu. Alimbeba mgongoni mchana kutwa, kisha akampapasa pua na masikio akiniuliza amefanana na nani. Nilimwambia amefanana na wewe, maskini mtoto.

Mwezi wa sita tulisikia daktari wa macho anakuja hospitali ya misheni. Nilifurahi sana, lakini jirani yetu Kalondu akaja kuninong'oneza kwamba huyo Daktari Mwangangi alilazwa kwa kifua kikuu mwaka juzi, na bado anakohoa. Na daktari wa macho, kaka, hukuinamia mpaka pumzi yake ikakugusa shavu. Mwaitu akakataa katakata.

"Mimi ni mzee, hata kikinichukua ni sawa," alisema. "Lakini nikimletea huyu mtoto je?"

Hata mimi niliogopa. Nilimbembeleza twende angalau tuulize.

Pale hospitalini wagonjwa walikuwa wamebanana mwisho wa benchi, akina mama wamejiziba midomo kwa leso. Daktari alipokohoa kidogo tu, wote waligeuza migongo kama mbuzi waliopigwa na mvua.

Zamu yetu ilipofika, Mwaitu hakuzungukazunguka. "Daktari, hicho kifua kilipona?"

Niliona aibu, nikatazama sakafu. Yeye hakukasirika. "Nilidungwa sindano na kumeza dawa mwaka mmoja na nusu, mwaitu. Makohozi yalipimwa tena na tena, hayana kitu. Lakini uliza tu. Hata mimi ningeuliza."

"Geuka nikisikilize hicho kifua."

Mutie, mpaka leo sijui kama niliota. Daktari aliketi kwenye kiti cha mgonjwa, na Mwaitu akalaza sikio mgongoni pake, juu ya lile koti jeupe, kama alivyokuwa akitusikiliza sisi tulipokohoa utotoni. Daktari akavuta pumzi, akaitoa polepole. Jua lilikuwa likiingia dirishani, vumbi likielea ndani yake. Nilitamani tusitoke humo.

"Haya," Mwaitu akasema mwishowe. "Nipasue."

Siku ya kufunguliwa bandeji alivishwa miwani minene, nami nikamletea Mbinya. Alimtazama mpaka mtoto akaona haya, akaficha uso. Nililia, sikufichi.

Kisha Mwaitu akamgeukia daktari, akamwambia afungue vifungo vya shati. Akamtemea mate kidogo kifuani, kama wazee wetu wanavyowabariki watoto wao wenyewe. Watu wote wa benchi waliona kupitia mlangoni. Daktari alisimama hivyo hivyo, shati wazi, hakujipangusa.

"Mwaitu," alisema, "nyumbani kwetu mpaka leo nimetengewa kikombe changu peke yangu."

Baba mdogo Kiilu anakusalimu, na Kalondu pia, ambaye siku hizi amenyamaza. Nisalimie shemeji Mutindi na watoto. Mungu awafunike nyote huko ziwani, na akuelekeze nyumbani mapema, maana Mwaitu anataka kuuona uso wako.

Ni mimi dada yako nikupendaye siku zote,

Ndinda