Robi, Lile Neno Mjoli Nimelipata

Robi wangu, Mkuria wangu,

Lile neno nimelipata. Mtu mwenye adabu angeanza na salamu na habari za watoto, lakini unanijua, na hili limenikaa kooni tangu Homa Bay. Mjoli. Nimelijua maana yake, Robi. Na ile karatasi yetu nimekataa kuichoma. Haya, kaa vizuri nikueleze, kwa maana uliondoka na nyuma yako mambo yakaharibika.

Unakumbuka ilivyoanza. Wewe na njugu zako, mimi na omena yangu, dagaa wa ziwani, meza zetu zikigusana pale soko la Migori. Karatasi za kufungia njugu ulizinunua kwa yule jamaa wa vitabu vikuukuu, na hukuweza kukunja karatasi bila kuisoma kwanza. Mteja amesimama, mkono nje, jua linamchoma, na wewe unamwambia, "Ngoja mama, nimalize mstari." Walikuwa wakiniangalia mimi, ati nikuseme. Nikuseme vipi, na mimi nimeinama begani kwako nasoma pia? Sote wawili shule ilituacha mapema. Kikuria chako sikukijua, na Dholuo uliisema kama mtu anayetafuna mchanga. Kiswahili ndicho kilikuwa nyumba yetu, ndiyo maana hata leo nakuandikia kwa hicho hicho.

Ndipo siku moja ikatoka karatasi yenye shairi. Jina la mtunzi halipo, na mstari wa mwisho umeliwa na makasi.

Aushi ni kama moshi, hupaa ikapotea,
Ghururi haikuvishi, nguo ya kukuenea,
Mjoli hana ubishi, mzigo hukupokea,

Basi. Chini yake hakuna kitu. "Hii haifungi njugu," ulisema, ukaitia kifuani. Wiki nzima tulikuwa tunaimba aushi, aushi, na hatujui tunaimba nini. Mimi nilidhani ni aina ya kuni, kwa sababu ya moshi. Ulicheka mpaka njugu zikamwagika. Kisha akapita yule mzee anayeuza shuka kutoka pwani, akavuta kitambaa kwa mikono miwili akatuambia, "Chukueni hii akina mama, hii ina aushi." Tukatazamana. Kitu kinachodumu! Basi ni uhai, ni maisha ya mtu, na mshairi anasema hata hayo yanapaa. Siku hiyo hatukuuza vizuri. Tulikaa tukiutazama moshi wa wachoma mahindi kama watu waliopewa habari mbaya.

Ghururi tuliipata wenyewe. Wewe ndiye uliyesema kama ni kitu ambacho mtu anadhani amekivaa na kumbe yuko uchi, basi ni majivuno, na ukanionyesha kwa kidevu mama mmoja aliyekuwa anapita sokoni kana kwamba barabara ni ya baba yake. Yawa, Robi! Nilificha uso kwa leso.

Lakini mjoli alitushinda. Mimi nilisema ni bwana, mume. Ukaniuliza, "Bwana gani hana ubishi? Bwana gani wa hapa umemwona akimpokea mwanamke mzigo?" Nikasema labda ni punda. Nalo ulilikataa, kwa sababu punda wa kwenu ni mbishi.

Halafu ukaanza kukohoa.

Sitaandika hayo. Uliyaona mwenyewe. Nitasema tu kwamba siku ya mwisho nilipokuletea uji, ulishika pindo la nguo yako ukaniambia, "Nikipona tumalize neno letu." Nilidhani unashika pindo kwa baridi.

Kumbe karatasi ilikuwa humo. Uliikunja ndogo kama punje, ukaishonea kwenye upindo pale tunapoweka pesa sisi wanawake wa soko. Na walipokuja wanawake wa kanisa kukuosha, Dorka ndiye aliyeigusa. Akafumua uzi, akasoma ghururi, akasoma mjoli, akaitupa chini kama kaa la moto. Hirizi! Robi alikuwa na hirizi! Kabla hatujakufikisha kwenu kukuzika, soko zima lilikuwa linasema maneno ya majini ndiyo yaliyokukausha. Wazee wa kwetu wakasema ni chira, ile laana ya mtu aliyevunja mwiko. Unajua mwaka huu tunazika sana. Kila nyumba ina mtu anayekonda, na watu wanatafuta pa kuelekeza kidole. Wakapata karatasi.

Mzee wa kanisa, Nashon, yule mwenye sauti ya kuita ng'ombe, aliniita mbele ya baraza lao. Akaiweka karatasi mezani, hata hakutaka kuishika, aliisukuma kwa kalamu. Akasema mimi ndiye niliyekuwa nikisoma na wewe, kwa hiyo mimi ndiye nitakayeichoma, mbele ya kanisa, na kutubu. "Si adhabu, Mama Achieng', ni kukusaidia." Nikamwambia jua la Migori linanitosha, sihitaji kuota moto. Wengine walicheka kidogo. Yeye hakucheka. Akasema basi siku ya kuoshana miguu, kama Yesu alivyowaosha wanafunzi wake, hakuna dada atakayeshika mguu wangu, wala meza ya Bwana sitaigusa, mpaka nichome.

Robi, hapo ndipo waliponishika pabaya. Unajua mimi ninavyoipenda siku hiyo. Na unajua miaka yote mguu wangu ulioshwa na nani. Ulikuwa ukinifinya kidole makusudi wakati watu wanaomba, ili nicheke.

Niliichukua karatasi, nikatoka. Usiku na mchana niliomba. Sikuomba ruhusa ya kuichoma. Nilimwambia Mungu: Baba, wewe unajua kwamba yule mwanamke alikuwa anapenda maneno tu. Kama kupenda maneno ni dhambi, niambie wewe, asiniambie Nashon.

Kisha nikaenda Homa Bay kuchukua omena, na Sabato ikanikuta huko. Nikaingia kanisa lao, mgeni, nikakaa nyuma karibu na mlango. Kijana akasimama kusoma ile habari ya mtumwa aliyesamehewa na mfalme, akatoka nje akamkaba mwenzake koo. Naijua habari hiyo tangu nikiwa mtoto. Naijua kwa Dholuo. Kwa Kiswahili nilikuwa sijawahi kuisikiliza kwa masikio yote mawili. Kijana akasoma kwamba alipotoka alimkuta mmoja wa wajoli wake.

Nilisimama. Watu wakageuka. Mama mmoja akadhani nimeshikwa na Roho, akanipisha njia. Wajoli! Anayemtumikia bwana mmoja na wewe, Robi. Mtu mliye naye chini ya kazi moja, hakuna mkubwa hakuna mdogo, na ukichoka anakupokea mzigo kwa sababu anajua uzito wake. Nililia mle ndani kwa lugha zote nilizo nazo. Nilitaka kutoka mbio nikuambie. Nikafika mlangoni ndipo nikakumbuka hupo.

Niliporudi nilimwambia Nashon. Nilifikiri atafurahi! Nilimfungulia ukurasa, nikamwekea kidole. Alisoma, akafunga kitabu taratibu, akasema hata Shetani anayajua Maandiko. Ndipo nikaelewa kwamba anachoogopa ni kifo chako. Wanataka moto ili waamini kwamba wao hawatakufa hivyo. Nilimwonea huruma, kweli. Lakini kukuchoma wewe mara ya pili, hapana. Hapana, Robi.

Basi siku ya kuoshana miguu nilienda. Nilivaa ile nguo ya buluu. Nilibeba beseni langu na maji yangu kutoka nyumbani, na karatasi nimeibana kwa pini hapa kifuani, nje, kila mtu aione. Kwenye chumba cha akina mama wakajipanga wawili wawili. Mimi nikakaa, nikavua kiatu, nikatia mguu majini, na kiti cha mbele yangu kitupu. Hakuna aliyeniangalia. Maji yakaanza kupoa. Nikasema moyoni, nitakaa hapa mpaka yawe barafu.

Dorka akaja. Dorka huyo huyo! Alikuja amekunja uso kama mtu aliyetumwa dukani, akapiga magoti, akasema, "Usinisomee mashairi. Lete mguu." Akaniosha. Aliniosha kwa nguvu kama anasugua sufuria, na machozi yanamtoka. Nami nikamwosha wake. Baadaye, nje, aliniuliza kwa sauti ya chini lile neno lina maana gani. Nikamwambia, "Ni wewe." Akasema, "Wacha ujinga," lakini hakuondoka.

Sasa baraza limetuita wawili. Dorka ameniuliza tutawaambia nini, nikamwambia tutawasomea. Meza yako sokoni ameichukua yeye. Njugu zake zinaungua, hana mkono wako, lakini jana nilimwona amemsimamisha mteja na karatasi iko machoni.

Mkuria wangu, lala. Mungu anajua ulikokuwa umeshona upendo wako. Tutaonana asubuhi ile kubwa, na utanifinya kidole mbele ya malaika. Mpaka hapo, nakuahidi karatasi nitaishonea kifuani mwa nguo yangu, na nikizikwa Dorka ameambiwa asifumue uzi. Na ule mstari ulioliwa na makasi nimeutunga mwenyewe, nimehesabu kwa vidole kama ulivyonifundisha. Usinicheke:

Nao moto siuwashi, Robi nimekutetea.

Mjoli wako,
Mama Achieng'