Mguu wa Baridi

Jumatatu, 6 Machi
Wamemaliza! Saa nane mchana daktari wa upasuaji katoka, barakoa shingoni: tundu la moyo limezibwa. Nikakaa sakafuni. Binti yangu ana miaka minne, nyumbani tunamwita Bibi Kelele. Leo kimya. Mirija kila mahali.

Jumanne, 7 Machi
Kafumbua macho. Neno la kwanza: maji. La pili: mama, mbona umevaa kofia ya mpishi? Nesi kacheka. Mimi nimelia.

Jumatano, 8 Machi
Asubuhi nilikuwa nampaka mafuta miguuni. Wa kulia moto. Wa kushoto baridi kama kigae. Nikamwita nesi. Kabonyeza kifundo, kabonyeza tena—halafu akatoka mbio. Manesi hawakimbii ovyo!

Wamempima kwa ultrasaundi. Damu imeganda kwenye mshipa wa paja, pale ulipopita mrija. Daktari wa watoto kasema wamemwekea dripu ya dawa ili bonge lisikue. Kila baada ya saa sita wanampima damu. Dawa ikizidi, kidonda cha kifuani kitavuja. Ikipungua, mguu utaharibika. Sasa tufanyeje, daktari? Akasema: tunapita katikati, mama.

Katikati ni pembamba.

Alhamisi, 9 Machi
Bado baridi. Vidole vya zambarau. Bibi Kelele anasema mguu umelala, niuamshe. Baba yake kapiga simu kutoka kazini. Nikamwambia yuko vizuri. Uongo mtupu! Sijui kwa nini.

Ijumaa, 10 Machi
Maji yamezidi unga. Daktari kaja na karatasi. Dawa ya kwanza haikutosha. Ipo nyingine, inayeyusha bonge lenyewe—lakini kidonda kina siku nne tu. Anaweza kuvuja damu kifuani, hata kichwani. Bila hiyo, huenda wakamkata mguu.

Nikampigia baba yake, nikamwambia ukweli wote, na wa jana pia. Akasema: weka sahihi, mke wangu, lawama tutabeba wote. Nimeweka.

Saa nne dawa imeanza kuingia.

Saa sita. Baridi tu. Kalala.

Saa saba na nusu. Kuna doa jekundu kwenye bandeji ya kifua, kama punje ya mtama. Nesi kalizungushia mstari kwa kalamu. Likivuka, wanasimamisha dawa.

Kidole gumba—kina joto! Au ni mkono wangu? Nimemwita nesi aguse mwenyewe. Anavua glavu, anashika. Anasema: ni joto kweli, mama, njoo!

Siendi. Natazama bandeji. Doa limegusa wino.