Sehemu Niliyoikata kwenye Kipindi

Somoe mdogo wangu,

Mwanao amepiga hatua tatu jana bila kushika ukuta. Aliyenipa habari ni mama mkwe wako, Bibi Fatu, kwa simu kutoka Nambambo. "Kichwa kigumu kama mama yake," akasema, akacheka.

Kazi yangu ni kusema lililotokea, na wewe sijakuambia.

Siku ile nilipokuja na kinasa sauti, ukiwa na siku ishirini tangu ujifungue, nilikuwa natoka Ruangwa kumhoji Mei, Mchina mwenye duka la vyombo. Kwao, alisema, mzazi hukaa ndani mwezi mzima: haoshi nywele, hagusi maji baridi, hapigwi upepo, anakunywa supu ya tangawizi ya mama mkwe. Nikaona kipindi kimeshaiva: Wachina na sisi, arobaini zetu ni ndugu.

Bibi Fatu alikaa kati yetu mkekani. Nilikuuliza wewe, akajibu yeye. "Andika, mwanangu. Namkanda maji ya moto asubuhi na jioni. Uji hata akikataa namnywesha, nyie wa redio mnapenda wembamba. Nje hatoki. Upepo ukimwingia mtanilaumu mimi." Hakudanganya hata neno. Alikupenda kwa mikono yake yote miwili.

Wewe ulisema, "Dada, kizime hicho kwanza."

Nikasema, "Tumalize, gari linanisubiri."

"Basi, niko salama."

Hilo "basi" nililisikia. Nikalirusha hewani hivyo hivyo.

Kuna lingine. Mei alinieleza pia kwamba mwezi ule alilia kila siku. Supu inaingia, machozi yanatoka. Alimtazama mwanawe akamwona kama wa jirani. Wakamwambia ni upepo. Mpaka mama yake mdogo alipowatoa watu wote chumbani na kumsikiliza, ndipo akapelekwa hospitali, akatibiwa, akapona. Sehemu hiyo niliikata. Niliona inaharibu kipindi.

Kwa hiyo nilipokaa mkekani kwako, swali nilikuwa nalo. Sikuliuliza. Arobaini haikufika, ukajitoa uhai. Msibani watu walinisifu kwa kipindi.

Sikuombi msamaha. Huwezi kunijibu, na waliojibu badala yako wametosha.

Mwezi uliopita nilimsikilizisha Bibi Fatu sehemu ile ya Mei niliyoikata. Akairudia mara mbili. "Kumbe kuna ugonjwa wa hivyo," akasema, "na mimi namkanda miguu."

Jumatano saa tatu asubuhi tunaanza kuwatembelea wazazi, nyumba ya tatu kutoka kwenu, kwa mzazi wa siku kumi na mbili. Hatatolewa nje, muuguzi wa zahanati ataingia kwake amsikilize, wawe wawili tu. Bibi Fatu atakaa mlangoni na mama mkwe wa yule binti. Ameniambia mama mkwe huyo akitaka kuingia, atamkalia kanga asiinuke.

Pumzika, Somoe. Na mimi nitaitwa ndani pale tu mzazi mwenyewe akitaka, na kinasa sauti nitakizima kwanza.

Dada yako