Tangazo lililofukuza watu

Goma, Jumapili, 14 Oktoba 1956

Kosa lilikuwa muhuri. Katibu wa chama chetu alibandika tangazo kanisani: tuchangie majani ya kuezekea nyumba ya mjane Kahindo, watoto wake wananyeshewa. Watu waliona muhuri, wakadhani ni kodi, wakapita kando.

Nilimweleza katibu, "Karatasi yenye muhuri haiombi, inaamuru."

Zamani, kule Kibumba, mama yangu alichangisha nyumba kwa nyumba, mzigo wake mwenyewe wa majani ukitangulia kichwani. Leo nimefanya hivyo, Kahindo akinifuata.

Jirani akacheka: "Muzee, tangu lini unabeba kichwani kama mama? Ngoja, nilete yangu!"

Hadi jioni majani yametosha. Kesho tunaezeka.

Shingo inaniuma. Mama hakuwahi kusema kwamba inauma.